Mwiko wa Pijo

Marehemu baba aliniachia urithi wa vitu viwili: kipara na Peugeot 504, gari la Mfaransa. Kipara hakinisumbui. Ni hiyo Pijo iliyonitoa jasho.

Wa rika langu wanaijua. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia tena 1978, na zile ndefu zikawa matatu za safari za mbali, abiria wamebanana safu tatu mpaka Nakuru. Yangu ni ile fupi, nyeupe, na niliapa kwamba siku moja nitaipeleka Ngong Racecourse kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, pale majaji wanapoinama kuchungulia mpaka uvunguni mwa gari. Shida ilikuwa madigadi ya nyuma, upande wa kushoto. Rangi ilikuwa imefura kama chapati inayokaribia kuiva. Nikaibonyeza. Kidole kikaingia chote.

Fundi wa bodi kule Kariobangi Light Industries alitoa sumaku mfukoni, akaitembeza juu ya bati. Ikashika, ikashika, ilipofika pale ikaanguka chini kwa aibu.

"Bosi, hapa hakuna gari. Hapa ni puti tupu."

Akaanza kukwangua. Chini ya rangi, puti, ule uji mzito wa kuzibia mabati ambao hukauka ukawa mgumu. Chini ya puti, gazeti. Chini ya gazeti, kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, na jina bado linasomeka. Marehemu baba alipenda kusema hajawahi kuligongesha gari lake, nami nimeamua kuendelea kumwamini.

Lilibaki shimo la ukubwa wa kisahani cha chai. Fundi akanieleza: akate kutu yote mpaka afikie bati zima, achonge kipande kipya, akichomelee nukta kwa nukta huku akikiacha kipoe, maana bati likipata moto mwingi hujikunja. Puti ije mwisho, nyembamba, isizidi milimita 3. Shilingi 35,000.

Nikamwambia nitarudi. Kila fundi wa Nairobi anajua maana ya neno hilo.

Nilishuka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, nikanunua mkebe wa puti pamoja na kile kitubu chekundu cha hadna, dawa ya kuigandisha. Kanuni yake ni rahisi: gramu 2 za hadna kwa kila gramu 100 za puti. Lakini ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi imekaza, na muuzaji akaniambia kukiwa na baridi niongeze kidogo. "Kidogo" ni kipimo cha hatari. Mimi hata kwenye ugali huwa naongeza unga mpaka jikoni nifukuzwe.

Jumamosi hiyo mama watoto alikuwa kanisani kwenye kikao cha kina mama. Nikachanganya. Puti ikawa ya waridi iliyoiva, harufu yake inachoma mpaka kwenye ubongo. Nilihitaji kitu bapa cha kuzibia shimo kwa ndani, kupitia kwenye buti, huku mkono mwingine ukipaka kwa nje. Nikakumbuka mwiko. Si mwiko wowote, ni ule mpana aliopewa na mama yake siku ya harusi yetu. Najua, kugusa miiko ya jikoni ni mwiko. Lakini ningeuosha, nani angejua?

Basi niko nimejikunja, nusu yangu iko ndani ya buti, mkono wa kulia umeshikilia mwiko, wa kushoto unapaka nje, na hapohapo jua likatoka. Jua la Nairobi halina adabu, linaweza kujificha wiki nzima likusubiri wewe. Puti ikaanza kupata joto. Nikasema nilainishe kidogo tu hapa pembeni. Nilipouvuta mwiko, gari zima likatikisika.

Nikavuta tena. Nikaweka mguu kwenye bampa, nikavuta. Mwiko ulikuwa umeshakuwa Mfaransa.

Nikafanya alichofanya huyo fundi wa Kimbo kabla yangu: nikaficha. Zulia la buti likafunika mpini. Kwa nje nikapiga msasa, nikapuliza rangi nyeupe ya mkebe. Ilitoka nyeupe ya maziwa, na gari ni nyeupe ya meno, lakini ukitazama kwa mbali na kwa huruma huoni.

Kwa wiki mbili mwiko ulitafutwa. Jirani aliyewahi kuuazima akashukiwa, salamu zikakatika. Mimi nilisaidia kutafuta. Nilipiga magoti, nikamulika chini ya sinki kwa tochi ya simu.

Jumapili tukatoka kwenda harusini, yeye kavaa kitenge kipya, kakaa kushoto kwangu. Jogoo Road, tukikaribia Burma, nikaingia shimo ambalo jana yake halikuwepo. Nyuma kukalia *paa!* Nikaongeza sauti ya redio.

Foleni ilitusimamisha hatua chache mbele. Mwendesha bodaboda akatufikia mbio, akasimama dirishani kwa mke wangu. Mkononi ameshika mpini, na mwisho wa mpini kuna bonge la waridi lenye mgongo mweupe, nene vidole vitatu.

"Mama, umeangusha kikaango."

Akaupokea kwa mikono miwili. Akaugeuza upande mmoja, akaugeuza wa pili. Hakusema neno. Aliupakata mpaka harusini, akaingia nao ukumbini.

Jumatatu nilikuwa Kariobangi kabla fundi hajafungua kibanda. Nilimkabidhi funguo na lile bonge, nikamwomba autoe mwiko salama hata kama gari litasubiri. Akaligonga kwa nyundo, likalia kama jiwe. Akanitazama kwa heshima zote.

"Bosi, hii ulisonga na unga gani?"