Msiulize mbele ya mtoto

Nikienda soko la Kongowea asubuhi na wanangu, swali la kwanza halibadiliki: "Mbona hawa hawako skuli leo?" Hilo nalijibu bila taabu. Wanasomea nyumbani, na kupima viazi kwa kilo na kuhesabu chenji ni somo tosha la hesabu. Historia nayo tunaifuata Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Linalonichoma ni la pili. "Na huyu mdogo, ndiye yule mliyemchukua?" Mwenyewe amesimama papo hapo, ameshika upindo wa leso yangu, anasikia kila neno! Wengine hawakomi hapo: mamake halisi yuko wapi, kwani alimtupa, atarithi kweli? Jamani, mbele ya mtoto? Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inamhesabu aliyeasiliwa, yaani aliyechukuliwa kisheria awe mwana, kuwa mtoto wetu sawa na tuliowazaa. Mimi sikuhitaji hata sheria kuniambia.

Habari za maisha yake ni zake. Akikua, akitaka, atazisimulia mwenyewe. Ukitukuta sokoni, msalimie kwa jina lake kama unavyowasalimia nduguze, basi.