Nyumba Ile Ina Wenyewe

Ile video ya Kingda Ka, lile rola kosta (gari la burudani la reli, la kupanda na kuporomoka), likilipuliwa kwa baruti kule New Jersey, Marekani, imenifikia tena wiki hii. Safari hii imekuja kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, imebanwa kati ya tangazo la hitima na mtu anayeuza mabuibui. Aliyeituma ni mtoto wa kaka yangu, yuko Abu Dhabi kikazi, na chini yake kaandika: "Pole Shangazi. Lakini usijali, watajenga refu zaidi."

Pole ya nini? Sikuwa na msiba. Ila hilo "refu zaidi" limenikaa kooni tangu siku hiyo, na kwenye kundi la ukoo hakujibiwi mtu kwa urefu ninaoutaka mimi, kwa hiyo nimekuja hapa.

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu. Watoto wakishalala, na bando likiwa halijakata, mimi hutazama video za watu waliopanda rola kosta na vigari vya mizimu katika bustani za burudani za ughaibuni, moja baada ya nyingine. Sijawahi kukanyaga hata bustani moja. Kabla hujanitupia hilo usoni, jiulize ni wangapi hapa Lamu wanaokijua kikosi cha Arsenal tangu zama za Wenger na London hawajaiona hata ndotoni. Hao mbona hamuwaambii wanyamaze?

Turudi kwa marehemu. Kingda Ka lilifunguliwa 2005, mita 139 kwenda juu, likimrusha mtu kwa kilomita 206 kwa saa, na mchezo wote ukaisha kabla dakika haijatimia. Kwa karibu miaka 20 hapakuwa na rola kosta refu kuliko hilo duniani. Likafungwa 2024, Februari 2025 likaangushwa, vumbi likatua, kwisha. Na pale Coney Island, New York, Cyclone la 1927 lingali linanguruma juu ya njia yake ya mbao. Mita 26 tu! Miaka ya 1970 lilitaka kuvunjwa lipishe upanuzi wa jumba la samaki, watu wakasimama kulitetea, likabaki. Sasa kijana wangu anieleze: kama urefu ndio kitu, mbona mfupi kamzika mrefu?

Urefu husimuliwa kwa sentensi moja. "Nilipanda, lilikuwa refu." Basi. Kesho mwengine akijenga la kulipita, hata hiyo sentensi moja umenyang'anywa.

Lile kuukuu lina maneno. Magurudumu na grisi hupata moto kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo gari la jioni silo gari la asubuhi, na wenye mapenzi nalo wana saa zao za kupanda. Kule Kennywood, karibu na Pittsburgh, kuna Jack Rabbit la 1920, na wenyeji watakusukuma ukae nyuma kabisa, maana kwenye ule mteremko wake unaokatika mara mbili ndipo utakaponyanyuka kitini. Lile la Tivoli, Copenhagen, la 1914, mpaka leo lina mtu wa breki anayepanda pamoja na abiria, mkono juu ya wenzo. Huyo ndiye nahodha: anausikiliza uzito wa watu na kasi ya gari kama nahodha wa mashua anavyousikiliza upepo, akaamua hapa tukaze au tulegeze. Pandeni mara mbili na watu wawili tofauti wa breki, mtashuka na hadithi mbili.

Hapo ndipo niliposimama mimi, na sitoki. Kinachokiweka hai kivutio ni maneno mtakayokuwa nayo mkishashuka. Na maneno hayapatikani pale ambapo kila kitu kimeshasemwa.

Chukua Haunted Mansion, nyumba ya mizimu ya bustani ya Disneyland, California, ambayo ndiyo mapenzi yangu, na msinikatize. Kuta na roshani za nje zilikamilika 1963. Ndani, hamna kitu. Waliokuwa wakiibuni hawajaafikiana waweke nini, Walt Disney mwenyewe akafa Desemba 1966, na milango haikufunguliwa hadi Agosti 1969. Miaka sita watoto wa California wanapita mbele ya nyumba iliyofungwa! Unadhani walikaa kimya? Ikazuka kwamba mtu aliingizwa kuijaribu akafa kwa hofu, ndiyo maana imefungwa. Uongo mtupu, na hakuna tangazo la pesa ambalo lingeununua uongo mzuri hivyo.

Mtu wa Lamu haelezwi hili mara mbili. Mtaani kwetu, nilipokuwa mdogo, palikuwa na nyumba ya mawe iliyofungwa, mlango wake wa nakshi umeliwa na mchwa pembe ya chini. Ukilala kifudifudi, kwa tundu lile uliona kipande cha ua wa ndani na ndoo ya bati imelala ubavu. Ndoo tu. Bibi yetu akasema: "Nyumba ile ina wenyewe." Hakuongeza neno. Wenyewe ni nani, wako wangapi, ndoo ni ya nani, hayo tuliyamaliza sisi kila jioni, upya, na kila mwenye kaka mkubwa alikuja na lake. Ndoo ile ilishaoshea maiti. Ilishatekewa maji na bibi harusi asiye na miguu. Kuna aliyeapa kwamba jana ilikuwa imesimama.

Baadaye nyumba ikauzwa kwa mgeni. Ikapakwa chokaa, ikachimbwa kidimbwi cha kuogelea, na leo kila chumba chake kimo mtandaoni kwa picha, hadi choo. Imependeza, sikatai. Hakuna mtoto anayepita pale mbio.

Haunted Mansion ilinusurika kwa sababu waliokuwa wakiitengeneza walivutana. Claude Coats alitaka mahali pa kutisha. Marc Davis alitaka vichekesho. Hakuna aliyeshinda, wakachanganya: mwanzo kiza, korido isiyo na mwisho, milango inayovimba na kunywea, mwisho makaburini, mizimu inaimba na kunywa chai. Hakuna hadithi inayounganisha. Mwenye nyumba ni nani? Maiti inayoning'inia juu ya kile chumba cha kuingilia ni ya nani? Bibi harusi wa darini aliuawa, au aliua? Sauti inakwambia humu mna mizimu 999 na nafasi ya mmoja zaidi ipo, na zaidi ya hapo jitegemee. Mwalimu wa insha angeipigia mstari mwekundu toka juu hadi chini. Ubovu huo umewapa watu zaidi ya miaka 50 ya kubishana.

Na wala si kwamba mitambo ni ya ajabu. Wale wanaocheza dansi ukumbini, unaona meza kupitia miili yao, ni kioo kikubwa na mwanga, ujanja uliovuma London tangu 1862 kwa jina la John Henry Pepper, enzi hizo Sayyid Majid anatawala Unguja. Chumba kile kinachorefuka ni lifti: dari imetulia, sakafu ndiyo inayoshuka, ili watu wapitishwe chini ya reli. Mashabiki wote wanalijua hilo, na bado wakiingia wanatazama juu. Tena wanasimuliana kwamba kwenye kioo cha ukumbi pana tundu la risasi, na kwa kuwa kioo hakitoki bila kubomoa jengo, likafunikwa kwa mdudu buibui wa bandia. Ni kweli? Mimi nataka iwe kweli.

Sasa hapa kijana wa Abu Dhabi asome polepole. Mwaka 1969, kule darini, aliwekwa mzimu mzee aliyeshika boksi la kofia, wenyewe wanamwita Hatbox Ghost. Kichwa kilitakiwa kitoweke mabegani kitokee ndani ya boksi. Taa zikagoma kukificha, kichwa kikabaki kinaonekana mabegani, na baada ya muda mfupi mzimu ukaondolewa. Kwa akili za mhasibu, habari imekwisha. Wapi! Zaidi ya miaka 40 watu walibishana juu ya mzimu ambao wengi wao hawakuuona kwa macho. Wako waliosema haukuwahi kuwapo. Wengine wakachimbua picha zilizofifia, wakapekua kila kona ya picha. Mei 2015 Disney wakaurudisha, sasa na mtambo unaofanya kazi, na watu wazima wenye mvi wakapanga foleni kumlaki kitu kilichoharibika kabla hata wengine hawajazaliwa.

Ila wenye ofisi nao hawaachi. Mnamo 2006 walishampa yule bibi harusi jina, Constance, na waume waliokatwa vichwa, picha zao ukutani. Haya, tukajua aliua. Ahsanteni sana. Darini pale pakabaki kupita tu, hadi 2025 walipomtoa Constance.

Hapa kwetu tazama mbio za punda za Maulidi. Ni ukingo ule ule wa bahari, na hakuna punda atakayeishinda bodaboda. Lakini muulize mtu yeyote Usita wa Mui, njia yetu kuu: nani alimbana nani, punda gani aligoma katikati akageuka kuwatazama watu, kijana gani aliangukia mbele ya kina dada. Kugoma kwa punda ndio utamu wenyewe! Na haikosekani mtu wa kuja na fikra za "kuboresha" mbio. Boresheni vyoo.

Najua mtakalonijibu. Jina la sinema likibandikwa kwenye mchezo linaleta watu. Linaleta, haya, nimekubali, na tangu Harry Potter afunguliwe kwake kule Orlando mwaka 2010 nimenyamazishwa mara nyingi kwa hoja hiyo. Ila msinitajie Pirates of the Caribbean kama ushahidi, maana mchezo ni wa 1967 na sinema ni ya 2003. Hapo mtoto ni sinema. Kasi nayo ina watu wake, na hiyo rola kosta ya Formula Rossa ya huko huko Abu Dhabi inakwenda kilomita 240 kwa saa tangu 2010, hongera zenu. Usafi? Ni muhimu, lakini hakuna aliyemhadithia mjukuu wake usafi. Isipokuwa labda Efteling, Uholanzi, ambako kuna pipa la taka lenye uso wa mlafi, linaita "karatasi hapa!" na kushukuru likilishwa, mpaka watoto wanazunguka kutafuta taka. Lingewekwa moja gatini kwetu tungeona maajabu.

Lakini mashabiki nao, jamani. Nisije nikawapamba kupita kiasi.

Kulikuwa na Splash Mountain, mteremko wa maji wa Disney huko Marekani, wa tangu 1989. Ulijengwa juu ya filamu ya 1946 inayowaonyesha Weusi wa mashamba ya kusini mwa Marekani wakiimba kwa raha, kana kwamba utumwa ulikuwa mvua tu iliyopita. Disney wenyewe hawajawahi kuiuza filamu hiyo kwa kanda wala DVD huko Marekani. Mwaka 2020 wakatangaza kuubadilisha, 2023 wakaufunga, na 2024 ukafunguliwa kwa jina la Tiana, binti mfalme wao wa kwanza Mweusi. Vilio vyake! Wengine waliteka maji ya mchezo ule wakayatia chupani na kuyatangaza mtandaoni yauzwe.

Hapo siko nao, na sifanyi mzaha. Natoka mji ambao mashamba yake ya bara yalilimwa na watumwa. Kisheria utumwa ulikomeshwa Kenya mwaka 1907, na mpaka leo posa inaweza kuvunjika kwa mnong'ono kuhusu babu wa mtu alikuwa nani kwa nani. Ukiniambia zile nyimbo ziachwe kwa kuwa zilikuwa tamu utotoni mwako, nitakuuliza zilikuwa tamu mdomoni mwa nani.

Cha kushangaza, wengi wa waliolia hata filamu yenyewe hawajaitia machoni. Walikuwa wakimlilia baba aliyelowa chapachapa, na ile picha inayopigwa juu ya mteremko, ukoo mzima midomo wazi. Hayo waliyatengeneza wao. Na mteremko haukuguswa, njia ya maji ni ile ile.

Je, wa Tiana utadumu? Video yake nimeitazama sana. Mapambo yamependeza, muziki umekaa, Tiana anatafuta wanamuziki kwa ajili ya karamu, anawapata, karamu inafanyika, kwaherini. Hata adui hamna. Kila kilichotafutwa kimepatikana na kila aliyepatikana ametambulishwa. Wangemficha walau mpiga tarumbeta mmoja: umsikie upande wa kushoto pale kwenye kiza kabla ya mteremko, Tiana amwite, asitokee, na wafanyakazi wakiulizwa waape kwamba upande ule hakuna spika.