Orodha tupu isiyosema kitu

Saa nane usiku naandika lspartnershipcandidate, amri ya mifumo ya kuhifadhi data ya IBM, ya kuorodhesha mifumo ya mbali inayoweza kushirikiana na wetu ili data inakiliwe huko. Nabonyeza, nasubiri. Hakuna kitu. Si kosa, si onyo, hata neno moja.

Kimya hicho kinaniudhi kuliko kosa lenyewe! Labda kebo ya faiba imechomoka. Labda zoni, yaani ruhusa ya vifaa kuonana, kwenye swichi ya upande wa pili haijawekwa. Labda mfumo ule tayari ni mshirika wetu, maana ukishaungana nao unahamia lspartnership, orodha ya washirika waliokwisha kuundwa. Yote hayo yanatoa jibu lilelile: utupu. Mtu unaanza kukagua swichi moja baada ya nyingine.

Na orodha ikitokea, kuna waliouacha mfumo na jina la kiwandani, ukabaki kulinganisha tarakimu 16 za kitambulisho kwa macho yenye usingizi. Jamani, badilisheni majina!

Tena ushirika lazima uundwe pande zote mbili. Mimi nimemaliza wangu, hali inasomeka partially_configured_local, yaani umewekwa upande wetu tu, na mwenzangu wa kituo cha pili hapokei simu.