Kongo ndani ya Jumuiya: nani hasa hakuwa tayari?

Tarehe 8 Aprili 2022 Rais Félix Tshisekedi alitia saini mjini Nairobi mkataba wa kuiingiza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai 11 mwaka huohuo hati ya kuridhia ikakabidhiwa Arusha. Jumuiya ikaongeza watu wanaokaribia milioni 100 na kufika hadi ufukwe wa Atlantiki. Swali lililoulizwa wakati ule, na ambalo bado linaulizwa, ni kama Kongo ilikuwa tayari kwa soko la pamoja. Nionavyo mimi, swali hilo limekaa upande, kwa sababu jibu la Butembo, mji wa biashara wa mashariki, silo la Lubumbashi, mji wa migodi wa kusini, na la Lubumbashi silo la Kinshasa.

Ukianzia Ziwa Tanganyika utadhani Kongo iliingia Jumuiya zamani sana. Pale Kibirizi, nje kidogo ya mji wa Kigoma, boti za mbao hupakiwa saruji, sabuni, unga na ndoo za plastiki kuelekea Kalemie, Baraka na Uvira. Bei hupatanwa kwa Kiswahili na fedha huhesabiwa kwa dola. Njia hiyo si ya jana. Mwaka 1921 Wabelgiji walipewa na Waingereza maeneo maalumu ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyojulikana kama Belbase, ili mizigo ya Kongo ipite bila kutozwa ushuru. Leo Kongo ni miongoni mwa wateja wakubwa wa shehena ya kupita katika bandari ya Dar es Salaam, huku wafanyabiashara wa Beni na Butembo wakitumia mpaka wa Kasindi na barabara za Uganda kufika Mombasa. Benki nazo zilitangulia: Equity ya Kenya ilinunua hisa nyingi za benki ya Kongo ya BCDC mwaka 2020, KCB, nayo ya Kenya, ikachukua asilimia 85 ya benki nyingine ya Kongo, TMB, mwishoni mwa 2022, na CRDB ya Tanzania ikafungua milango Lubumbashi mwaka 2023. Benki haziendi mahali kwa ajili ya udugu.

Wanaosema Kongo iliingia mapema mno, hata hivyo, hawawazungumzii wafanyabiashara. Wanaizungumzia serikali na vyombo vyake. Mfikirie mama anayevuka kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, mpaka ambao katika nyakati za amani ni miongoni mwa mipaka inayovukwa kwa miguu na watu wengi zaidi barani. Ana beseni la nyanya kichwani, na nyanya hazina subira. Amri ya serikali ya Kongo ya mwaka 2002 inasema wazi kuwa huduma zinazoruhusiwa kukaa mpakani ni nne, yaani forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Meza anazokutana nazo ni nyingi kuliko hizo, na kila meza ina risiti yake au haina risiti kabisa. Wakongomani wana neno la Kifaransa kwa usumbufu huo, tracasserie, na wamelizoea kiasi kwamba hulitamka kama jina la kodi nyingine. Itifaki ya Umoja wa Forodha inaweza kufuta ushuru wa nyanya kwa kifungu kimoja, lakini haina kifungu cha kuiondoa meza ya tano.

Hata ushuru wenyewe si jambo jepesi. Viwango vikuu vya Kongo vimekuwa asilimia 5, 10 na 20, wakati ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa za nje una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa bidhaa zilizokamilika zinazoweza kutengenezwa ndani ya ukanda. Ngazi hiyo ya juu ina mantiki kwa Kenya, au kwa Tanzania yenye viwanda vya nguo na samani vinavyohitaji kinga. Kwa Kongo, ambayo hununua karibu kila kitu kutoka nje, maana yake ni kwamba mnunuzi wa Kinshasa, anayeletewa mzigo kutoka Asia kupitia bandari ya Matadi upande wa magharibi, atalipa zaidi ili kulinda kiwanda kilichoko Thika, Kenya. Tena Kongo ni mwanachama wa SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), COMESA (soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika) na jumuiya ya Afrika ya Kati, na shaba ya Katanga, eneo la migodi la kusini, hutoka kwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, au kwa reli ya Lobito kupitia Angola. Sehemu tajiri kuliko zote ya nchi imeelekeza uso kusini na magharibi. Sioni kwa nini Kinshasa iharakishe kujifunga na ushuru wa upande mmoja tu.

Kisha kuna vita, na hapa ndipo hoja ya kutokuwa tayari inapogeuka na kuwakodolea macho wanachama waliotangulia. Kongo haikuomba uanachama kwa ajili ya saruji pekee. Ilitarajia kwamba majirani wakiwa ndugu wa mkataba mmoja, mashariki yake ingetulia. Kikosi cha Jumuiya kilianza kuingia Novemba 2022 na kikaondoka Desemba 2023, Kinshasa ikilalamika kwamba hakikuwapiga waasi wa M23. Mwezi huohuo Corneille Nangaa, aliyewahi kuongoza tume ya uchaguzi ya Kongo, alizindua muungano wake na M23 akiwa Nairobi, na Kinshasa ikamwita nyumbani balozi wake. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari ikafuata Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kuwa jeshi la Rwanda linaisaidia M23, Kigali inakanusha. Uganda nayo iliamriwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Februari 2022, kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya zamani, na bado ni Uganda hiyohiyo iliyokubaliana na Kinshasa kujenga barabara za Kivu Kaskazini, ikiwemo ya kilomita 80 kutoka Kasindi hadi Beni. Sikumbuki soko la pamoja lingine ambamo jirani mmoja ni mdaiwa wa fidia ya vita na mkandarasi wa barabara kwa wakati mmoja.

Ni kweli kwamba Kongo imekuwa miongoni mwa wadaiwa wakubwa wa michango ya bajeti ya Jumuiya, na kwa hilo sina la kuitetea. Lakini ukiichukua mizani hiyo ukawapimia wanachama wa zamani, wachache watapita. Rwanda na Uganda zilikuwa na mpaka wa Gatuna uliofungwa kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022. Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 kutoka Kenya mwaka 2017, na Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda Machi 2021. Sarafu moja iliyoahidiwa mwaka 2024 imesogezwa hadi 2031. Lugha nayo: viongozi wa Jumuiya walikubali Kifaransa na Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2021, ila kazi nyingi za Arusha bado hufanywa kwa Kiingereza. Ofisa wa forodha wa Kalemie aliyesomea sheria kwa Kifaransa, na anayezungumza Kiswahili nyumbani kwake, huletewa kanuni kwa lugha ambayo si ya shule yake wala ya mama yake.

Kwa hiyo siungi mkono hoja kwamba Kongo ingesubiri hadi itengemae, maana kusubiri kusingeondoa hata meza moja pale mpakani. Siungi mkono pia pupa ya kuitaka ipokee ushuru wa pamoja wote kwa mkupuo. Jumuiya yenyewe inajua njia ya tatu: umoja wa forodha ulipoanza Januari 2005, baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru Uganda na Tanzania kwa miaka mitano, ukipungua mwaka hadi mwaka, huku za nchi hizo mbili zikiingia Kenya bila ushuru. Kongo inastahili nafuu ya aina hiyo, na ya muda mrefu zaidi. Kinachoweza kuanza sasa ni kidogo na hakina sherehe. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, yaani cha kuthibitisha kuwa zimetoka ndani ya Jumuiya, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ambacho wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya wanakitumia, kichapishwe kwa Kifaransa na Kiswahili, kikubaliwe Kasindi, Mahagi na bandari ya Kalemie, na bei yake pamoja na majina ya huduma nne zinazoruhusiwa vibandikwe ukutani, mahali ambapo mtu mwenye beseni kichwani anaweza kuyasoma.