Namba tasa ya tarakimu milioni 41: tunapima namba au tunapima njia?

Oktoba 2024, Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, alivunja rekodi ya namba tasa kubwa (namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu): 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Walimu wa hisabati hapa Dodoma wamegawanyika: je, kazi hiyo ina faida gani?

Wanaoipinga hawakosi hoja. Kompyuta zilizotumika zilitandazwa katika nchi 17, na umeme wake haukuwa wa bure. Namba yenyewe hailindi akaunti ya mtu benki, kwa kuwa usimbaji, yaani kuficha taarifa kwa siri, hutumia namba tasa za tarakimu mia chache tu, tena zilizofichwa, ilhali hii imetangazwa dunia nzima. Mwalimu wa Kongwa au Mpwapwa mwenye darasa lililofurika ana haki ya kuuliza swali hilo.

Hata hivyo, hoja hiyo inaipima namba na kuiacha njia, na utajiri wote umo kwenye njia. Chukua 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5, ukitoa 1. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, upate 14. Rudia kwa 14: unapata 194, ambayo ukiigawanya kwa 31 inabaki 8. Rudia tena kwa hiyo 8: 64 kutoa 2 ni 62, na 62 inagawanyika kwa 31 bila baki. Kanuni ni kwamba hatua ni kipeo ukitoa 2, hapa tatu, na ya mwisho isipoacha baki, namba ni tasa. Basi 31 ni tasa, na hatukujaribu kigawanyo hata kimoja. Ukifanya vivyo hivyo kwa 2,047, ambayo kipeo chake ni 11, baada ya hatua tisa inabaki 1,736 badala ya sifuri; kweli, 2,047 ni 23 mara 89. Namba ya Durant ilipimwa kwa kanuni hiyohiyo, isipokuwa hatua zake zinazidi milioni 136.

Linalonishangaza zaidi ni kisa cha 2 kwa kipeo cha 67, ukitoa 1. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba si tasa, bila kujua hata kigawanyo chake kimoja. Vigawanyo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilionyeshwa na Frank Nelson Cole mwaka 1903. Kwa miaka 27 watu walikuwa na hakika kamili juu ya jambo ambalo hakuna aliyeweza kulionyesha kwa kuzidisha, na sijui somo bora zaidi la kumfundisha mwanafunzi maana ya uthibitisho.

Faida nyingine zipo: mwaka 2016 Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, ilikiri hitilafu katika chipu zake ziitwazo Skylake, iliyofichuliwa na watumiaji wa Prime95, programu ya kutafutia namba hizi.

Wapinzani wana nguvu zaidi mahali pamoja. Hakuna aliyethibitisha kwamba namba tasa za aina hii, yaani 2 kwa kipeo fulani ukitoa 1, hazina mwisho, na kuongeza hii ya Durant, ya 52 kwenye orodha ya zinazojulikana, hakukutusogeza kwenye uthibitisho huo. Hapo kompyuta hazitoshi. Panahitaji mtu, ubao na chaki.