Beit el Ajaib haikuanguka kwa uzee tu

Makala moja niliyosoma inasema Beit el Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe wa Zanzibar, pale mbele ya bustani ya Forodhani, ilibomoka sehemu Desemba 25, 2020 kwa sababu ya "uzee". Hapo sikubaliani. Ngome Kongwe ya jirani ina umri mkubwa zaidi na ingali imesimama.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina dari za boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba: boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Sultani Barghash alitaka kumbi pana, kwa hiyo jumba lake hili la 1883 likawekewa mihimili ya chuma na zege, na nguzo za chuma barazani. Maji ya mvua yakipenya paa, chuma hicho hushika kutu, huvimba na kupasua zege. Ukuta nao ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, unaohitaji kupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na jiwe huanza kumung'unyuka kama unga. Tafadhali, mafundi watumie chokaa, na mifereji ya paa isafishwe kabla ya masika!

Bustani ya Forodhani yenyewe ilitengenezwa upya mwaka 2009 na shirika la Aga Khan: ukuta wa bahari, taa, mabenchi, sehemu ya watoto. Anayetaka mishkaki, urojo au juisi ya miwa afike jua linapozama, meza zikishapangwa.