Ulaya fundi hana muda, Mombasa tajiri hana washa

Watu wa Mombasa tukikutana huku Ujerumani haipiti nusu saa kabla mtu hajaanza, ati huku gari inatengenezwa kisawasawa, kule kwetu ni nyundo na dua. Mie nshachoka kubisha kwa mdomo, kwa hivyo naandika, na nitachukua kitu kimoja tu, injekta za dizeli (zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda) zilizoganda kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, maana hapo ndipo utajua nani fundi na nani muuza maneno.

Nina Vito CDI ya kazi, vani ya dizeli ya Mercedes. Ikaanza kulia chaf chaf chaf asubuhi ikiwa baridi, halafu harufu ya moshi ndani, ukifunua kava ya juu unakuta injekta moja imezungukwa na kitu cheusi kigumu kama lami ya barabara ya Magongo. Hiyo ni washa ya kopa ya chini, kile kipete cha kuzibia injekta inapokaa kwenye hedi, imechoka, moto wa silinda unapenya pembeni ya injekta, masizi yanapanda na kugandia hapo mpaka injekta yenyewe inakuwa kama imechomelewa. Washa yenyewe bei yake hata kikombe cha kahawa hakifiki. Nikapeleka gereji. Wa kwanza akakataa kabisa, wa pili akanipa karatasi nitie sahihi kwamba injekta ikikatikia ndani basi hedi ni shauri yangu, na saa moja ya kazi ni zaidi ya yuro 100, na hawezi kusema zitakuwa saa ngapi. Na simlaumu sana jamani, injekta iliyoganda inaweza kutoka kwa dakika kumi au ikakulaza hapo siku mbili, sasa utamuandikia mteja bei gani? Kwa hesabu ya huku ni rahisi kung'oa hedi nzima kuliko kuibembeleza injekta. Wanaita ufundi, mie naona ni hesabu tu.

Nikafanya mwenyewe. Si nje ya nyumba, maana huku ukimwaga tone la oili barabarani jirani ashapiga simu, na Jumapili hata nyundo haigongwi. Lakini kuna karakana za kukodi, unalipa kwa saa unapewa lifti na zana, hilo wallahi nawasifu, natamani mtu afungue moja pale Changamwe. Unamwagia oili ya kulegeza kutu jioni, unaacha ilale, unarudia, injini ikiwa na joto ndio unaanza kuizungusha injekta kwa spana kidogo kushoto kidogo kulia, hupigi kwa hasira. Ikianza kucheza hata unywele ushashinda. Ikikataa ndio slaidi hama, ile zana yenye uzito unaoteleza na kugonga ili kuvuta kitu nje, unafungua kichwa cha injekta unafunga hiyo zana hapo unavuta kwenda juu, na ujue injekta yenyewe hapo huenda usiitumie tena. Ikitoka unaziba tundu masizi yasianguke kwenye silinda, unasafisha kikao mpaka king'ae, washa mpya, bolti mpya maana ile ya zamani imeshavutika, na kila injekta inarudi kwenye silinda yake. Na ukiwasha usiende kutafuta mvujo kwa kidole! Mle ndani presha inapita baa 1,000, dizeli inatoboa ngozi na kuingia ndani na hapo ni hospitali moja kwa moja, tumia kipande cha katoni.

Sasa njoo Mombasa. Binamu yangu ana Hiace ya 1KD, injini ya dizeli ya Toyota, inapiga Mombasa Malindi. Fundi wake ni mzee wa Changamwe aliyeanza zama za 2L na 3L, injini za Toyota za zamani, nozo (injekta zake) za kufungua kwa soketi ya 27 na kwisha, na bado hizi za komon reli, mfumo wa kisasa wa presha kubwa, anazitoa bila kuvunja hata moja. Siri yake ni kwamba hana haraka. Anamwagia oili yake, anaenda kuswali, anarudi, anazungusha kidogo, anakunywa chai, anarudi tena. Yule mzungu wa karatasi ya sahihi hana nafasi hiyo hata angetaka.

Ila injekta zikishatoka, tajiri, yaani mwenye gari, anapigiwa simu kwamba zinatakiwa washa mpya na sili za juu, na tajiri anajibu, choma hizo hizo urudishe, gari iingie barabarani kesho alfajiri. Fundi anazichoma kwa moto kopa ilainike, anarudisha. Hapo ndipo mie nabishana na wanaosema mafundi wetu ndio wabovu. Kulainisha kopa si uongo, inalainika kweli, lakini washa ishabonyezwa ikawa nyembamba na imeliwa upande mmoja, moto hauifanyi kuwa mpya.

Na kwa 1KD hilo ni baya kuliko kwa Vito yangu, kwa sababu kule injekta zinakaa chini ya kava ya valvu. Hakuna chaf chaf ya kukushtua wala lami ya kuona kwa macho, masizi yanaingia kwenye oili, yanashuka mpaka chini kwenye chujio la pampu ya oili, yanaliziba, presha ya oili inashuka, na injini inakufa katikati ya safari watu wanasema turbo, wanasema dizeli ya kuchakachua, wanasema hasadi. Ilikuwa washa.

Kwa hivyo mkienda nyumbani Disemba, badala ya kuwabebea wajomba chokoleti tu, muulizeni fundi namba ya injini na unene wa washa anazotaka (zinatofautiana, usinunue kwa kukisia), mnunue seti na sili zake na bolti, zote zinaingia mfuko wa suruali. Na anayemiliki 1KD, umwambie fundi siku ya sevisi afungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akutazamie lile chujio. Akikuta chembe nyeusi, gari isiende Malindi.